Nyota Iliyorudi Peke Yake

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyezitundika nyota bila kamba na kuipa kila moja njia yake, ile tunayoiona na ile tusiyoiona. Kwake hakuna kilichopotea. Namshukuru kwa macho aliyoniachia hadi umri huu, ingawa sasa yanaona kwa msaada wa miwani, na kwa masikio, maana masikio ndiyo yaliyonirudisha katika habari hii.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Zeinabu alikuja Garsen kwa likizo. Anasoma chuo kikuu Nairobi, na somo alilolichagua liliwashangaza wengi katika ukoo wetu: anasomea elimu ya nyota. Wajomba zake wangependa asomee uuguzi. Mimi sikusema neno, na nadhani ukifika mwisho wa maelezo haya utajua kwa nini.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa jamvini nachambua mchele, naye ameegemea ukuta na simu yake. Ghafla simu ikatoa sauti: ko, ko, ko, ko. Sauti kavu, ya mti kugonga mti, isiyoharakisha wala kupunguza mwendo. Ungo ukanitoka mkononi, mchele ukamwagika jamvini.

"Nyanya! Vipi?"

"Ng'ombe wa nani huyo?" nikamwuliza.

Zeinabu akacheka mpaka akashika mbavu. "Si ng'ombe, Nyanya. Ni nyota."

Akakaa karibu yangu, tukawa tunaokota mchele pamoja huku akinieleza. Alisema ziko nyota kubwa ambazo zikifa hulipuka, kisha hubaki kiini kidogo kizito ajabu, kinachozunguka kama pia. Kila kikizunguka hutupa mwali wa redio, na mwali huo ukipita kwetu, mitambo ya wataalamu huunasa. Wao huugeuza uwe mlio ili sikio nalo lipate fungu lake. "Kwa hiyo unayosikia ni maiti ya nyota, Nyanya. Imekufa zamani sana, lakini bado inabisha hodi."

Nilimwambia aniwekee tena. Aliponiwekea nikamwambia azime. Mtoto akaniangalia, akaona machozi, na kwa adabu yake hakuuliza. Sauti ile mimi naijua. Niliisikia nikiwa msichana mdogo, jioni moja, ikija kutoka upande wa nyika, na tangu siku hiyo sijaisahau.

Tuliishi pembezoni mwa mbuga, mwendo mfupi kutoka Garsen, katika nyumba za mviringo za nyasi ambazo mama zetu wa Kiorma walizijenga kwa mikono yao. Upande mmoja palikuwa na mbuga, wazi kama mkeka uliokunjuliwa. Upande wa pili palikuwa na mto Tana na mashamba ya Wapokomo: mahindi, ndizi, mpunga palipofurika. Kulikuwa na ugomvi wa ng'ombe na mashamba, siwezi kukuficha, lakini pia kulikuwa na maziwa yetu kwenda kwao na unga wao kuja kwetu, na watu waliojuana mpaka majina ya mbuzi.

Baba yetu alikuwa amefariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka. Nyumba ilisimama kwa mama na kaka yangu Barisa. Barisa alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele lililofanya kila neno lake lionekane mzaha. Ndiye aliyechonga kengele ya mti na kumvalisha shingoni Diima, ng'ombe wetu wa mbele. Diima kwa lugha yetu ni mwekundu, na ng'ombe huyo alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu. Akitembea, kengele ilisema ko, ko, ko, na kundi zima likamfuata. Barisa aliichonga kwa ndani mara nyingi, akiigonga, akiisikiliza, akiikwangua tena, mpaka mama akamwambia, "Mwanangu, unamtengenezea ng'ombe kengele au unamtafutia mchumba?"

Ni Barisa pia aliyenipeleka shule, wakati wasichana wa kwetu wengi walibaki na ndama. Mwalimu wangu aliitwa Buya. Alikuwa Mpokomo wa Kinakomba, huko juu ya mto, mtu wa swala tano, mpole, na mwenye tabia moja iliyowafanya watu wamwone nusu mwerevu na nusu mgonjwa: kila jioni, baada ya swala ya magharibi, alisimama katikati ya uwanja wa shule na darubini ndogo ya macho mawili, akitazama juu. Watu walimwita Mchunga Nyota.

Kazi yake alitueleza darasani. Alisema nyota hazilingani tabia. Nyingi hukaa na mwanga wake mwaka nenda mwaka rudi, lakini zipo zinazobadilika, leo kali, kesho dhaifu. Wataalamu wenye darubini kubwa ni wachache na nyota za namna hiyo ni nyingi mno, basi waliomba mtu yeyote mwenye macho na subira awasaidie. Yeye alijifunza kazi hiyo alipokuwa chuo cha ualimu, na alikuwa akipeleka anachokiona kwa watu wa mbali ambao hakuwahi kukutana nao. Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Unaitazama nyota yako, kisha unatafuta jirani yake mmoja anayeizidi mwanga na jirani mwingine inayemzidi, halafu unajiuliza: imesogea kwa nani? Hivi ndivyo mama zetu walivyopima maziwa ya ng'ombe mmoja kwa kumtazama mwenzake, kwa hiyo sisi watoto wa wafugaji tulimwelewa kuliko alivyotarajia.

Barisa alipenda kumchokoza akija kunichukua.

"Mwalimu, ng'ombe zako za juu umeshazikamua leo?"

"Zimekataa. Ndama zao sijawaona."

"Pole. Lakini angalau hazina kupe."

"Na wala haziingii shambani kula mahindi yangu," mwalimu alimjibu, na wote wawili wakacheka mpaka Barisa akashikilia fimbo yake asianguke.

Mwaka ninaousimulia, mvua ya vuli ilikosa. Mbuga ikawa kijivu, kisha ikawa nyeupe. Upepo ulibeba vumbi lenye harufu ya samadi iliyokauka, na ng'ombe wakaanza kulamba kuta za nyumba. Wazee wakaamua vijana waondoke na mifugo yote yenye nguvu, waende mbali upande wa Ijara, ambako ilisemekana mawingu yalikuwa yamemwaga kidogo. Nyumbani wakabaki mbuzi wachache, wazee na sisi.

Sasa kwetu palikuwa na desturi mbili, na nakuomba uzishike, kwani habari yote iko humo. Ya kwanza ilihusu chombo cha maziwa. Kila mchungaji alikuwa na chombo chake, kilichosukwa kwa mizizi na kubana maji kabisa. Akiwa mbali, mama au mkewe alikifukiza kwa vijinga vya mti wenye harufu nzuri, na hakukiazima kwa mtu. Chombo kilichofukizwa ni mtu aliye hai. Mtu akifa, chombo chake hakifukizwi tena, hutolewa sadaka.

Ya pili ilihusu nyota. Mtu akienda safari ndefu na ng'ombe, yeye na wa nyumbani walichagua nyota moja. Kila jioni baada ya magharibi yeye huko aliko huitazama, na wao huku huitazama, na mama humwombea. Hatukuiabudu, Mungu atuepushe. Ilikuwa mahali pa macho kukutana, kwa watu wasio na njia nyingine ya kukutana.

Wengi walichagua nyota kubwa ambazo kila mtu anazijua. Barisa, kwa ukaidi wake, alitaka iliyo yake mwenyewe. Jioni ya mwisho alituita nje, mama na mimi, akaonyesha karibu na utosi wa mbingu, mahali penye nyota chache.

"Ile nyekundu. Mnaiona? Nyekundu kama Diima. Basi na yenyewe jina lake Diima."

"Mbona hatujawahi kuiona?" mama akauliza.

"Ilikuwa inaningoja mimi," akasema, na pengo lake likaonekana hata gizani.

Alfajiri wakaondoka. Nilisimama na mama tukisikiliza kengele ikipungua, ko, ko, mpaka hatukujua tena kama tunaisikia au tunaikumbuka.

Wiki za kwanza zilikuwa njema, kama njaa inaweza kuwa na wiki njema. Kila jioni tulitandika mkeka nje, tukaswali, kisha mama akainua uso. Nyota ile ilikuwa inawaka vizuri, nyekundu, imetulia. Mama alitabasamu alipoiona. Alizungumza nayo kama na mtu aliye chumba cha pili: "Umekula? Ng'ombe wamekunywa?" Halafu akamwomba Mungu amrudishe mwanawe salama, na mimi nikaitikia amina. Asubuhi alikifukiza chombo cha Barisa, na harufu ya moshi ule mtamu ikajaa nyumba nzima, tukaipumua badala ya kunywa maziwa.

Kisha ikaanza kufifia.

Mimi ndiye niliyeiona kwanza, kwa ile njia ya mwalimu. Jirani mmoja ambaye ilikuwa ikimzidi sasa alikuwa sawa nayo, baadaye akaizidi. Lakini macho ya mama hayakuhitaji kufundishwa. Jioni moja alikaa muda mrefu kuliko kawaida, akaniuliza, "Hawa, kuna vumbi juu?" Nikasema labda. Jioni iliyofuata hapakuwa na vumbi. Jirani zake wote walikuwa mahali pao, na Diima ilikuwa kama cheche ya mwisho katika jivu. Baada ya muda haikuwepo kabisa. Palikuwa na shimo mahali pa nyota.

Mama hakulia. Aliingia ndani, akakichukua chombo cha Barisa, akakigeuza mdomo chini pembeni mwa mlango. Asubuhi hakukifukiza.

Majirani walikuja. Maalim Athmani, aliyetufundisha chuoni kusoma Kurani na kuswali, alikuja pia akakaa mlangoni, akasema kwa upole, "Mama Barisa, nyota haizimiki kwa kufa mtu. Hili tumefundishwa tangu mwanzo wa dini. Muumini hasomi kifo mbinguni."

"Ni kweli, Maalim," mama akasema. "Ninayajua hayo. Lakini moyo wangu haujasoma."

Sikuweza kuvumilia. Shuleni, mwalimu Buya alipoita jina langu, badala ya kuitika nilisema, "Nyota ya kaka imekufa." Darasa lote likageuka. Alinitoa nje, akanichuchumalia kwenye kivuli cha ukuta, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza ilikuwa wapi. Nilimwonyesha kwa kidole angani mchana mweupe, na yeye, namwona mpaka leo, uso wake ukafunguka kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekipoteza.

"Hawa, nyota hiyo ninaijua! Ninaifuata miaka! Twende kwa mama."

Alikuja vile vile, na vumbi la chaki mikononi. Mama alimpa kigoda na maji, akasema samahani hakuna maziwa.

"Mama Barisa," akaanza, "nyota ile haijafa. Ndivyo ilivyoumbwa. Inavimba na kunywea, kama kifua cha mtu anayepumua, lakini pumzi yake moja ni karibu mwaka. Ikifika juu inaonekana hivi hivi kwa macho. Ikishuka, hata darubini yangu huipata kwa shida. Nimeiona ikiondoka na kurudi, mara nyingi. Naapa itarudi. Mvua za vuli zikikaribia, itazame upande wa mashariki."

Mama alimkazia macho. "Itarudi?"

"Itarudi, mama."

"Ile ile?"

"Ile ile, nyekundu vile vile."

Mama alinyanyuka. Akakigeuza chombo cha Barisa, mdomo juu, akapuliza vumbi lililoingia. Kabla mwalimu hajamaliza maji yake, nyumba ilikuwa imejaa moshi mtamu. Mwalimu Buya alicheka kwa furaha, na mimi nikacheka, na nikaona elimu ni jambo kubwa sana, inawafufua watu.

Ndivyo tulivyoishi mwaka ule. Masika yalikuwa manyunyu tu. Vijana wawili walioondoka na Barisa walirudi na ng'ombe wachache waliobaki mifupa. Walisema waliachana naye visimani mwanzoni kabisa mwa safari, kwa sababu nyasi hazikutosha makundi yote, na yeye akachagua kwenda mbele zaidi. Watu waliposikia hivyo waliinamisha vichwa. Mama hakuinamisha. Aliwaambia, "Bado. Muda wake haujafika." Walifikiri ni imani, na kwa kiasi ilikuwa imani. Lakini mimi nilimsikia akihesabu miezi kwa vidole anapopika uji, nikajua anangoja nyota.

Vuli ikaja kwa rehema ya Mola, mvua za kweli, vyura wakapiga kelele usiku kucha, na mbuga ikageuka kijani mbele ya macho yetu. Jioni moja mawingu yalipofunguka baada ya magharibi, mama alinishika bega kwa nguvu mpaka nikaumia. Mashariki, juu kidogo ya miti, kati ya jirani zake wale wale, ilikuwa imesimama. Ndogo bado, lakini nyekundu.

Mama alisujudu pale pale kwenye tope. Kesho yake alinituma shuleni nimwambie mwalimu "imerudi," naye akasema, "Nimeiona! Mwambie mama hongera!" Mama akapaka nyumba upya, akaazima unga kwa rafiki yake wa mtoni, akasokota kamba mpya ya kumfungia Diima. Kila jioni nyota iliongezeka, na kila jioni yeye aliongezeka nayo. Sijawahi kumwona mama yangu mzuri kama siku zile.

Halafu ikaja jioni yenyewe. Jua lilikuwa limeshuka, ng'ombe wa majirani wanaingia zizini, moshi umelala chini. Kutoka upande wa nyika nikasikia: ko, ko, ko, ko.

Mama aliangusha kata ya maji. "Barisa!" akaita, akakimbia, kichwa wazi, mtandio umebaki mlangoni. Nilimfuata. Diima alikuwa anakuja njiani, mtulivu, amenenepa, na ndama mwekundu ubavuni mwake. Nyuma yake alitembea mzee mmoja wa Kisomali, ndevu zimepakwa hina, viatu vya mpira wa gurudumu mkononi kwa ajili ya tope. Mama alitazama nyuma ya mzee. Akatazama tena. Nyuma ya mzee palikuwa na njia tu.

"Assalamu alaikum," mzee akasema. "Mimi natafuta nyumba ya mama ya Barisa."

"Ni mimi."

Mzee akaweka viatu chini. "Mama, mimi naitwa Hassan. Mimi naleta amana. Hii ng'ombe na hii mtoto yake ni mali yenu, ile ingine yote ukame ilimaliza. Kijana yako… kijana yako Mungu alichukua. Homa. Mimi na watoto yangu tulimwosha, tukamswalia, tukamzika vizuri chini ya mti ya mswaki. Nilitaka kuja zamani, lakini ng'ombe haikuwa na nguvu ya njia. Nisamehe nimechelewa."

Mama alishika pembe ya Diima. Akauliza jambo ambalo wale waliokusanyika hawakulielewa. "Ilikuwa lini?"

Mzee alifikiri. "Ile siku za kwanza ya kiangazi. Alifika kwetu mgonjwa tayari. Kila magharibi anasema, 'Mzee, nitoe nje.' Sisi tunamlaza juu ya ngozi, anatazama juu, kuna nyota nyekundu. Anasema, 'Mama yangu anatazama sasa hivi.' Ile siku ya mwisho pia alitazama. Nyota ilikuwa kali sana."

Mimi nilikuwa mtoto, lakini hapo nilihesabu. Nyota ilikuwa kali sana. Wakati ule mama alipokuwa akitabasamu na kuuliza kama amekula, wakati ule tulipolala tumetulia, ndipo alipokufa. Nyota ilipozimika, alikuwa ameshazikwa. Na iliporudi, haikuwa na habari naye.

Mama aliingia ndani. Tulidhani ameenda kulia. Akatoka na chombo cha Barisa, kinanukia moshi wa asubuhi ile, akachuchumaa ubavuni mwa Diima na kumkamua. Tulisikia maziwa yakigonga chombo. Kilipojaa alikishika kwa mikono miwili, akampa mzee Hassan.

"Kunywa, baba. Na chombo ni chako. Mwenye chombo alilala kwako."

Mzee alikipokea, akanywa mpaka maziwa yakamwagika kwenye ndevu zake. Baada ya hapo ndipo mama alipolia, na wanawake wakamzunguka.

Mwalimu Buya alikuja matanga. Siku zote tatu alikaa nje na wanaume, akisoma dua pamoja na Maalim Athmani, asiinue macho kwa mtu. Mwisho alimwendea mama. Nilikuwa nimelala mapajani mwa mama nikijifanya nimesinzia.

"Mama Barisa, nisamehe. Nilikupa tumaini ambalo halikuwa langu kulitoa."

Mama alinipapasa kichwani.

"Mwalimu, uliniambia nyota itarudi. Imerudi. Hukuniahidi zaidi ya hapo. Yaliyozidi niliyaongeza mimi."

Mwalimu alijifuta macho kwa kanzu. Mwaka uliofuata alihamishiwa shule nyingine, upande wa Chewele, na kabla ya kuondoka aliniachia darubini yake ndogo. Nimekuwa nayo miaka mingi, mpaka kioo chake kimoja kikaota ukungu. Juzi nilimpa Zeinabu.

Kwa muda mrefu nilidhani mwaka ule wa mama ulikuwa mwaka wa bure: kuomba kila jioni, mrudishe salama, mrudishe salama, kwa mtu aliyekwisha kuwa ardhini. Niliposoma zaidi, na mimi nikawa mwalimu wa chuo cha Kurani, nilimwuliza Maalim Athmani, wakati huo mzee sana, kama dua zile zilipotea. Akaniambia, "Mwanangu, dua haipotei njia. Mama yako alimwombea safari njema. Wewe unafikiri safari ni ile ya Ijara tu?"

Na jambo jingine nililielewa kwa kuchelewa zaidi. Nilimlaumu Barisa moyoni kwa kuchagua nyota isiyotulia, kana kwamba angechagua nyingine angeishi. Sasa najua kwamba katika siku zake za mwisho, siku alizoihitaji, nyota ile iliwaka kuliko zote, na macho ya mama yalikuwa pale. Walikutana. Ilizimika baada ya kazi yake kwisha.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila ilipoonekana tena alisema "imerudi" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kwamba maembe yameiva, kisha akamwombea Barisa rehema badala ya njia. Hakuichukia. Diima alipokufa kwa uzee, kengele tuliitundika mlangoni, na upepo wa mbuga ukivuma iligonga. Mwaka mmoja nyumba ile iliondoka na mafuriko, na kengele nayo ikaenda na mto. Nilidhani sitaisikia tena duniani.

Juzi kabla Zeinabu hajarudi Nairobi tulitandika mkeka nje baada ya magharibi. Nilimwonyesha mahali pa Diima. Haikuwepo, msimu wake bado. "Nitakutazamia kutoka huko, Nyanya," akasema, "ikianza kuonekana nikupigie simu." Nikamwambia sawa, lakini anipigie hata isipoonekana.

Wewe uliyenisikiliza hadi hapa, Mola akulindie walio mbali nawe, awarudishe waliojaaliwa kurudi, na waliokwisha tangulia awape nuru isiyofifia. Akupe jirani kama mzee Hassan siku utakapoangukia ugenini, na kila dua iliyoombwa kwa ajili yako, hata na asiyejua uliko, ikufikie. Amina.